Barua kwa mwanangu: dipoziti ya nyumba inatakiwa lini

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku niliiona nikalala nayo. Unauliza ile nyumba ya Syokimau ya milioni 6, dipoziti inatakiwa lini, ukipeleka fomu za mogeji (mkopo wa nyumba) ama benki ikishakubali, kwa sababu sasa hivi uko na laki saba na unangoja bonasi ya Disemba. Ningekupigia simu lakini mambo ya pesa afadhali yaandikwe, usome pole pole na urudie.

Mama, inatakiwa mapema. Wengi hudhani benki inakubali kwanza halafu ndio unatoa chako, kumbe mara nyingi benki kabla ikupe ofa ya mwisho inataka kuona agrimenti ya mauzo imesainiwa, na muuzaji naye hasaini bure, anataka asilimia 10 siku hiyo hiyo. Kwa hivyo laki sita inatoka mkononi mwako na benki bado haijasema ndio. Na hata kabla ya hapo wataomba stetimenti za miezi 6 waone hiyo pesa ilikujaje, ikiwa imeingia juzi kwa mkupuo kutoka kwa rafiki watauliza ni mkopo ama ni nini.

Hiyo ni ya kwanza. Kila benki na yake lakini tuchukue inakupa asilimia 80, yani 4,800,000, wewe una 1,200,000 ya kutafuta. Laki sita imeenda siku ya kusaini, laki sita ingine inatakiwa kabla benki haijafungua mkono wake. Benki haitangulii. Inachofanya, wakili wao anamwandikia wakili wa muuzaji barua ya ahadi kwamba pesa italipwa taito (hati ya umiliki) ikishaandikishwa kwa jina lako na chaji ya benki juu yake, yani nyumba iwe rehani ya mkopo, na hapo wewe unatakiwa uwe umemaliza sehemu yako. Kwa kawaida ni siku 90 kutoka kusaini. Zinaisha haraka hizo siku, usizione nyingi.

Halafu kuna ushuru wa stempu ambao vijana mnausahau kabisa, asilimia 4 kwa sehemu za mji (mashambani ni 2), na wanapiga hesabu kwa thamani ya mthamini wa serikali, si lazima ile bei mliyopatana. Kwa milioni 6 hiyo ni 240,000. Wakili wako unamlipa wewe, wakili wa benki pia unamlipa wewe, mthamini pia. Ukijumlisha, kabla hata ya mawakili uko kwa 1,440,000, na wewe una laki saba. Sikwambii uache, nakwambia usisaini mwezi huu.

Sasa nikwambie kitu ambacho mimi na babako hatukuwahi kukwambia. Mwaka 2009, wewe ukiwa form two, tulitaka kununua nyumba Mtwapa, milioni 2.8. Tulikuwa na 560,000, tukaona inatosha, tukasaini na kutoa 280,000. Wiki kama tano baadaye mthamini wa benki akaenda akasema ile nyumba ni ya 2,300,000, na benki inakopesha kwa thamani yake yeye, si kwa bei yenu, wakatupa 1,840,000. Ghafla tunatakiwa tuwe na 960,000. Laki nne hatukuwa nazo, tukazunguka kwa ndugu, tukazunguka kwa walimu wenzangu, siku 90 zikapita, wakili wa muuzaji akatuandikia notisi ya siku 21, zikapita pia. Ile 280,000 ikaenda, na kwa sheria alikuwa na haki nayo kwa sababu agrimenti yetu haikuwa na hata mstari mmoja kuhusu benki ikikataa ama ikipunguza. Babako hakulala vizuri mwaka mzima. Karo yako ya ule muhula wa tatu nililipa kwa mkopo, ndio maana ulichelewa kurudi shule, tukakwambia ni mambo ya likizo.

Ndio maana nakuomba hivi. Itisha benki ikupe kibali cha awali kwanza, hicho hakihitaji dipoziti. Mlipe mthamini aliye kwenye orodha ya benki aende aone nyumba kabla hujasaini, hiyo pesa kidogo ingetuokoa sisi. Wakili wako afanye sachi ya taito, yani ahakikishe nyumba ni ya nani kweli, halafu aandike kwenye agrimenti kwamba mogeji isipopatikana ama ikipungua dipoziti inarudi yote, na ikae kwa wakili wa muuzaji kama mshika amana, asiipeleke kwa muuzaji mpaka mwisho. Muuzaji akikataa hicho kipengele mwache aende na nyumba yake, nyumba Syokimau haziishi. Na usimtumie mtu yeyote pesa ya kushikilia nyumba kwa M-Pesa bila karatasi, hata kama ni ajenti mcheshi namna gani.

Hizo laki saba ziko wapi? Kama ziko fiksi (akaunti ya muda maalum) angalia tarehe, ukivunja mapema wanakata riba. Za sacco ndio mbaya zaidi kwa haraka, akiba huwezi kuichota nusu nusu, mpaka utoke uanachama, na sacco yetu notisi ni siku 60.

Hapo ndio naingia mimi. Nina 320,000 za akiba huko, tangu nistaafu nimekuwa nikitaka kuzitoa, na tumekubaliana na babako ni zako, si mkopo. Nikiandika barua ya kutoka Jumatatu zitafika kwako kama miezi miwili hivi, karibu na bonasi yako, na nitakusainia barua ya kusema ni zawadi ya mzazi ili benki isikusumbue. Nijibu kabla ya Jumatatu nijue niweke akaunti gani, ile ya mshahara ama ile ya akiba, na unitumie agrimenti niisome kabla hujaishika kalamu.

Mamako