Jibu: "Mama, upo lakini haupo"

Pole sana dada. Nimekuelewa: kazi ya usiku Minneapolis, Marekani, watoto wa miaka 6 na 11 wako likizo ya Krismasi, na mkubwa amekuambia "mama, upo lakini haupo". Mwanangu aliwahi kuniambia hivyo hivyo. Linachoma.

Usijaribu kuwapa siku nzima, mwili wako utagoma. Lala kwanza. Kilichonisaidia ni saa moja isiyoguswa, simu imefungiwa chumba kingine. Desemba huko jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, basi tokeni saa nane mchana, nawe uingie kwenye theluji pamoja nao, siyo kuwatazama dirishani. Ila baridi ya upepo, yaani baridi mwili unavyoihisi upepo ukivuma, ikifika nyuzi 28 za Selsiasi chini ya sifuri, bakini ndani. Ngozi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Siku hiyo pikeni chapati. Mdogo asukume, hata zisipokuwa duara.

Bibi yao wa Tanga mpigieni saa tatu asubuhi ukirudi, kwake ni saa kumi na mbili jioni. Waongee wao, siyo wewe.

Zawadi za mkopo achana nazo.

Sasa, hilo uliloniandikia la kulia kila majira ya baridi bila kujua sababu, nakuomba usiliite uchovu. Muone daktari. Ipo sonona inayokuja na upungufu wa mwanga, na inatibika. Ukianza kufikiria kujidhuru, piga 988, namba ya msaada ya huko Marekani, saa hiyo hiyo, usisubiri miadi.