Rupia za Bibi: Zisuguliwe au Ziachwe na Weusi Wake?

SWALI: Marehemu bibi ametuachia kashani rupia tatu za fedha za enzi ya Wajerumani: moja ya 1892, nyingine ya 1910, na ya tatu ya 1898 ambayo imetobolewa kwa juu. Zote zimeingia weusi. Mjomba ananishauri nizisugue kwa majivu na ndimu kabla ya kutafuta mnunuzi, na sonara wa hapa amezikadiria kwa uzito wa fedha tu. Nitaijuaje hali ya kila moja? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa heshima zote kwa mjomba wako, majivu na ndimu visiziguse sarafu hizo. Weusi unaouona ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani, hivyo anayeusugua huondoa na ngozi ya sarafu, na punje za majivu huacha mikwaruzo isiyofutika. Mnunuzi mzoefu huitambua mara moja sarafu iliyosuguliwa, na huilipia kidogo kuliko ile iliyoachwa na weusi wake.

Daraja la sarafu hutegemea hasa kiasi ilivyolika, na kulika huanzia mahali palipoinuka. Chukua hiyo ya 1892, uishike kwa ukingo, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm II, na juu ya kofia yake ya chuma amesimama tai: chunguza bawa la tai huyo, kisha masharubu na kifua cha Kaisari. Upande wa pili, penye nembo ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, mtazame simba aliye chini ya mnazi. Yakionekana manyoya ya shingo yake moja moja, hiyo ni sarafu ya daraja la juu; akibaki umbo tupu, imepita mikono mingi. Hapa wengi hukosea, kwa sababu mahali pengine hapakupata muhuri vizuri tangu kiwandani. Palipolika huwa laini na rangi yake hutofautiana na ya pembeni, ilhali pasipopigwa vizuri hubaki na ngozi ileile ya sarafu nzima.

Kisha izungushe polepole chini ya taa moja. Katika sarafu isiyotumika, mwanga huzunguka juu ya uso wake kama miale ya gurudumu. Katika iliyosuguliwa, uso wote hung'aa kwa pamoja na mikwaruzo myembamba huonekana imelala upande mmoja. Kwangu, kipimo hiki kinazidi vingine vyote.

Ya 1910 ichunguze vivyo hivyo, kwa kuwa sura ya Kaisari iliendelea hata baada ya serikali kuichukua kazi ya sarafu kutoka kwa kampuni na, mwaka 1904, kuigawa rupia kwa sarafu ndogo 100 ziitwazo heller, badala ya 64 zilizoitwa pesa. Herufi J utakayoiona ni alama ya kiwanda cha Hamburg.

Rupia mpya ilikuwa na gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa 1,000. Iliyolika hupungua kidogo. Lakini yenye michoro isiyolika na uzito pungufu sana itilie shaka kuwa ni ya bandia. Katika orodha za minada ya Ujerumani, «ss» ni sarafu iliyolika kiasi na «vz» ni iliyolika kidogo tu. Wengine hutumia kipimo cha namba cha Sheldon cha mwaka 1949, kinachoipa sarafu alama hadi 70, ambamo kuanzia 60 ni sarafu isiyopita mikononi.

Kuhusu hiyo iliyotobolewa, sonara wako hakukosea sana, kwani tundu hufanya bei ikaribie ile ya madini, hata sura ikiwa safi. Hata hivyo usikubali tundu lizibwe, kwa sababu moto wa kulehemu hubadilisha rangi ya fedha pande zote na kiraka hakifichiki chini ya lenzi. Zote tatu zitie kila moja katika bahasha yake ya karatasi, si katika plastiki laini, ambayo huacha ute wa kijani juu ya fedha.