Kikohozi cha wiki tano si cha duka la dawa

Juzi, saa tano kasoro usiku, nilipata ujumbe wa dada mmoja anayenifuata tangu nianze kuandika habari za cherehani. "Dada, samahani kwa usumbufu. Nakohoa wiki ya tano sasa. Nimemaliza chupa tatu za dawa ya kifua na usiku nalowa jasho mpaka shuka. Nina oda za watu. Kuna dawa gani nzuri ya kumeza huku naendelea na kazi?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Maneno yale yalikuwa yangu, ya mwaka juzi.

Sijawahi kusema hapa kwamba niliugua kifua kikuu. Wakati ule niliwaandikia kwamba napumzika kwa sababu za kifamilia, mkaniombea heri, nikanyamaza. Niliona aibu. Leo nasema.

Ilianza Agosti. Kikohozi kikavu, cha kawaida, nikasema ni vumbi la vitambaa. Duka la dawa liko hatua ishirini kutoka kibandani kwangu, na muuzaji ananiita jina. Akanipa dawa ya maji. Wiki ya pili akanipa vidonge vya rangi mbili. Wiki ya nne akaniambia, "Chukua hii dada, hii ni kali zaidi." Hakuniuliza hata siku moja nakohoa tangu lini, nami sikumwambia. Nilipopiga hesabu baadaye, nilikuwa nimeacha pale zaidi ya shilingi elfu themanini. Sketi zikaanza kunipwaya, nami nikawa nazipunguza kiuno kwa mkono wangu mwenyewe, sijiulizi kwa nini.

Wengi wenu mnaonisoma mko kama nilivyokuwa. Mnataka kuinuka. Mteja akikukosa siku mbili amehamia kwa jirani, kwa hiyo asubuhi nzima kwenye benchi la kituo cha afya inaonekana hasara. Naielewa hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Ila mimi nilikuwa naifanya huku mwanangu wa miaka mitatu analala kitanda kimoja nami, katika chumba chenye dirisha moja ambalo nililifunga kwa sababu ya mbu. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Pesa ya dukani ilishasahaulika, ila zile usiku za kukohoa juu ya kichwa cha mtoto hazijasahaulika.

Oktoba nikaona damu kwenye leso. Asubuhi yake nikaenda kituo cha afya cha serikali. Pale mapokezi nilipoeleza shida yangu, mtu mmoja akapaza sauti mbele ya foleni nzima, "Wa kifua wakae kule nje!" Watu wakageuka. Nilitaka kurudi nyumbani, nawaambia kweli, na nadhani wapo waliorudi. Kukaa nje penye hewa ni sahihi kabisa, kunalinda wengine. Tatizo ni ile sauti. Kama kuna mhudumu wa afya anayesoma hapa, namwomba amwite mgonjwa pembeni amwelekeze taratibu.

Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu na ukoma alikuwa mtu wa namna nyingine. Aliniuliza maswali manne tu: kukohoa wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Yote nikajibu ndiyo. Akanipa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, akanipeleka nyuma ya jengo, uwanjani, akanionyesha namna ya kuvuta pumzi ndefu mara mbili kisha kukohoa kutoka chini kabisa ya kifua. "Mate siyataki, dada. Nataka makohozi." Akanipa na kikopo cha pili cha kwenda nacho nyumbani, nitoe makohozi ya alfajiri kabla sijala kitu. Wakapima kwa mashine ya GeneXpert, ambayo pamoja na kuonyesha vimelea inaonyesha kama vimezoea dawa ya rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Vyangu havikuwa sugu. Wakanipima na VVU, kama wanavyompima kila mwenye TB. Mzani ulisoma kilo 49 na mimi ni mtu wa 58. Sikulipa chochote, si kipimo wala dawa.

Siku ya pili ya vidonge mkojo ukawa wa rangi ya chungwa. Nilikuwa nimeshaambiwa, lakini moyo ulinilipuka vilevile. Vilikuwa vidonge vitatu kwa mkupuo kulingana na uzito wangu, dawa nne ndani ya kidonge kimoja, kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne.

Mama mwenye nyumba aliposikia, akaniambia ndoo yangu isikae karibu na za wenzangu, na kikombe changu kisionekane uani. Nimemsamehe, lakini nalisema ili mtu mwingine asifanyiwe hivyo: kifua kikuu hakikai kwenye ndoo wala sahani wala mkono wa salamu. Kinakwenda kwa hewa, mtu anapokohoa, anapopiga chafya au kuongea ndani ya chumba kisicho na upepo. Na mgonjwa akishameza dawa sawasawa wiki kama mbili, uwezo wake wa kuambukiza unashuka sana. Dirisha lililofunguliwa lingemsaidia mama yule kuliko kuhamisha ndoo yangu.

Mtoto waliniambia nimlete siku ileile. Wakampima, wakakuta hajaugua, wakampa dawa ya kuzuia, kidonge cha kuyeyusha kwenye maji. Chanjo ya BCG aliyopata alipozaliwa inawakinga watoto wadogo na TB zile kali za ubongo na za kusambaa mwilini, lakini haitoshi kumwacha bila kumpima. Wenye watoto chini ya miaka mitano, nawaomba sana mlishike hilo.

Sasa kosa langu la pili. Katikati ya Desemba kilo zilikuwa zimerudi na kikohozi kimekwisha. Ukaja msimu wa sare za shule, na mafundi mnaujua. Tarehe ya kuchukua dawa ikapita, nikasema kesho. Zikafika siku tisa. Siku ya kumi mhudumu wa afya ngazi ya jamii alisimama mlangoni kwangu, mama wa makamo mwenye daftari, akanikuta na rundo la sketi za bluu hadi magotini. Hakugomba. Akasema, "Mwanangu, ukiacha sasa, wale wadudu waliobaki ndio wenye nguvu." Akakaa kwenye kiti cha wateja mpaka nikafunga mashine tukaongozana. Siku zile tisa nilizifidia mwishoni.

Nilikuja kujifunza baadaye kwamba Tanzania ina mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma tangu mwaka 1977, na kwamba utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa chini ya usimamizi ulikomazwa hapahapa, pamoja na daktari Karel Styblo, ndipo dunia ikauchukua. Mama yule na daftari lake ni sehemu ya kazi hiyo. Kwa hiyo anayekuja mlangoni kwako kuulizia dawa usimfiche wala usimwambie mtoto aseme haupo. Mfungulie. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Usiache kwa sababu ya oda. TB sugu ina tiba, na hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, ndiko tiba hiyo ilikoanzia nchini, lakini waulize walioipitia kama kuna oda ya sare inayolingana nayo.

Aprili nilimaliza. Kipimo cha mwisho kilikuwa safi, na muuguzi akaandika kwenye kadi yangu kwamba nimepona. Kadi ninayo, iko kwenye droo moja na mkasi wangu mkubwa.

Yule dada nilimpigia usiku uleule, nikamwambia asinunue kitu. Leo asubuhi amenitumia picha: vikopo viwili kwenye kiganja, nyuma yake ukuta wa kituo. Kimoja ameshakirudisha. Nimemwomba kile cha alfajiri akiweke karibu na kitanda, na akienda kukipeleka ambebe na mwanawe.