Muulize Fundi wa Saa: "Saa bila namba ni sahani"

SWALI: Mzee fundi, shikamoo. Nina ofisi ndogo ya uchapishaji hapa Kisumu. Juzi sokoni Kibuye nilinunua saa ya ukutani, nyeupe, yenye mistari myeusi badala ya namba. Nyuma imeandikwa Arne Jacobsen. Naipenda sana, ila mshale wa sekunde umekwama upande wa kushoto, unatetemeka tu. Mama yangu naye hukaa nami ofisini na anasema saa bila namba ni sahani. Niiuze?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usiiuze.

Arne Jacobsen alikuwa msanifu majengo wa Denmaki, akafariki mwaka 1971. Saa ya mistari kama hiyo yako aliichora kwa ajili ya jengo la baraza la mji wa Rødovre, karibu na Copenhagen, lililokamilika mwaka 1956. Anayo nyingine ya namba za Kirumi, ya jengo la baraza la Aarhus, na ya mwisho aliichorea benki kuu ya nchi yake. Mimi hiyo ya mistari ndiyo naipenda kuliko zote. Hata kama yako ni nakala, mchoro ni uleule.

Mshale kukwama kushoto ni dalili ninayoiona kila wiki. Karibu na sekunde ya 45 mshale umelala na unapandishwa, kwa hiyo hapo ndipo uzito wake unaielemea mashine zaidi. Betri ikidhoofika, huchoka hapohapo. Weka betri mpya ya alkalini. Zile za bei rahisi huvuja. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, ufute kwa kijiti cha pamba kilichochovywa siki kidogo, kisha ukaushe vizuri. Ikikataa bado, angalia kama mishale inagusana. La mwisho ni kubadilisha mashine ya ndani, na hiyo si ghali. Mpelekee fundi saa yenyewe apime urefu wa mhimili, kile kijiti kinachobeba mishale, kwa sababu ukinunua kwa kukisia, mishale itasugua kioo.

Sasa mama. Mwambie hivi: asihesabu kutoka juu, ahesabu kutoka chini. Mshale mfupi ukielekea chini kabisa ni saa kumi na mbili asubuhi. Mstari unaofuata, kwa kupanda upande wa kushoto, ni saa moja, kisha saa mbili. Ukilala kushoto ni saa tatu, ukifika juu kabisa ni saa sita, jua la utosi. Saa za namba ndizo zinazotusumbua sisi: zimeandikwa tisa, tunasema tatu, kila mara tunageuza kichwani. Hii haijaandika kitu, kwa hiyo haibishani na Kiswahili. Asubuhi mshale unapanda pamoja na jua. Nilipomwonyesha mama mmoja mzee dukani kwangu, aliisoma papo hapo bila kukosea. Dakika tu ndizo zinabaki kuhesabiwa kutoka juu.

Itundike mbali na dirisha linaloingiza jua la alasiri, na utumie pima maji au uzi wenye jiwe ili ikae wima kabisa. Saa ya namba ikiinama, namba zenyewe zinakusahihisha. Hii ikiinama kidogo tu, mama atasoma mstari wa jirani.