Ukienda msibani, chagua cha kusema

Waefeso 4:29 tunaikariri sana kwenye vipindi vya akina mama, na mara nyingi tunaishia katikati: neno lolote lililo ovu lisitoke vinywani mwenu. Hapo tunaelewana, tusitukane, tusisengenye. Mimi nataka kukaa kwenye sehemu inayofuata: "bali lililo jema la kumfaa mwenye kuhitaji, ili liwape neema wanaosikia." Paulo anataka neno jema, kisha anataka limfae huyu aliye mbele yako kwa hitaji alilo nalo sasa. Neno linaweza kuwa kweli kabisa, likatoka kwenye Biblia yenyewe, na bado likamchoma mtu kwa sababu halikuwa la siku ile.

Mimi nimejifunza hilo msibani. Kwa miaka mingi nimekuwa kwenye kamati ya akina mama wanaotembelea wagonjwa na wafiwa katika usharika wetu, huku Kilimanjaro. Kabla ya hapo nilikuwa mfiwa mwenyewe. Mimba ilikuwa ya miezi saba, mtoto wa kike, akazaliwa hapumui. Kwetu mtoto wa namna hiyo alizikwa kimya kimya, bila turubai wala tangazo kanisani, na wanawake wazee wachache tu wakiwapo. Kwa hiyo watu walinijia nyumbani mmoja mmoja, kila mmoja na neno lake. Mungu amempenda zaidi. Kazi ya Mungu haina makosa. Shukuru wewe umepona. Bado kijana, utapata mwingine.

Waliosema hayo walikuwa wananipenda. Walipanda mlima kwa miguu, wengine na chupa ya maziwa, wengine na mkungu wa ndizi kichwani, na sikuwa na adui hata mmoja kati yao. Lakini kila nilipoambiwa nitapata mwingine, nilikuwa najiuliza mbona hakuna anayeulizia huyu.

Aliyemuulizia alikuwa bibi mmoja jirani, wala hakuwa wa kanisa letu. Aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akakaa kitambo bila kusema. Kisha akaniuliza, "Mlimpa jina gani, mwanangu?" Nikamwambia. Akalirudia jina, akanipa pole akiniita mama wa mtoto yule. Hakuongeza kitu. Mpaka leo ni yeye peke yake aliyewahi kuniita hivyo, na siku ile ndipo nilipoweza kulia vizuri.

Tangu hapo nimesoma Biblia nikiangalia nani anasema nini, kwa nani, na wakati gani. Chukua maneno tunayoyasikia karibu kila mazishi: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe. Yako Ayubu 1:21. Aliyeyasema ni Ayubu, juu ya watoto wake mwenyewe na mali yake mwenyewe, baada ya kurarua joho lake na kuanguka chini. Hakuna mgeni aliyekuja kumwambia vile. Yakitoka kinywani mwa mfiwa ni ibada, tena ibada ya juu sana. Nikiyachukua mimi ambaye wanangu wamelala salama nyumbani, nikampa mama aliyepoteza mtoto jana, nitakuwa namwamuru afike mahali ambapo Ayubu alifika kwa miguu yake. Ushauri wangu ni kwamba mstari huo uuache kwa mwenye msiba. Akiusema mwenyewe, mwitikie amina kwa moyo wote.

Rafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri kuliko wengi wetu. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa mno. Walipofungua vinywa ndipo mambo yalipoharibika. Na tusidhani walisema upuuzi. Maneno ya Elifazi kwamba Mungu huwanasa wenye hekima katika hila zao, yaliyo katika Ayubu 5:13, Paulo anayanukuu katika 1 Wakorintho 3:19 kama Maandiko. Yalikuwa maneno yenye kweli ya kutosha kuandikwa na mtume. Hata hivyo, mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale watatu, na Ayubu aliyelalamika sura kwa sura ndiye anayepewa kazi ya kuwaombea. Kila ninapokwenda kumwona mfiwa nakumbuka hilo, hasa ninapojisikia nina mstari mzuri tayari mdomoni.

Lakini sehemu iliyonifundisha kuliko zote ni Yohana 11, pale Bethania. Lazaro amekufa, yuko kaburini siku ya nne. Martha anamwendea Yesu njiani, anamwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Baadaye kidogo Mariamu anafika, anaanguka miguuni pake na kusema neno lile lile. Ndugu wawili, msiba mmoja, sentensi moja. Martha alijibiwa kwa mafundisho: ndugu yako atafufuka, mimi ndimi huo ufufuo na uzima. Mariamu hakupewa fundisho lolote. Yesu alimwona analia, akaugua rohoni, akauliza wamemweka wapi, akalia machozi. Alikuwa anajua kabisa kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini. Angekuwa na sababu kuliko mtu yeyote ya kusema usilie. Akalia.

Kwa hiyo kabla ya kuingia kwenye nyumba ya msiba, simama kidogo ujiulize huyu unayemwendea yuko upande gani leo. Kuna mfiwa anayetaka kuzungumza, anayeuliza maswali ya imani, ukimnyamazia anajiona ameachwa. Huyo mjibu, soma naye, mwambie tumaini lako la ufufuo bila kusitasita. Kuna mwingine ambaye maneno ni mzigo kwake. Kaa naye kwenye mkeka. Utajuaje? Mwangalie kwanza, msikilize. Yakobo 1:19 inasema mtu awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema. Na mtu anaweza kuwa Martha asubuhi na Mariamu jioni, kwa hiyo usitumie ulichokiona jana.

Neno la kuanzia ni pole. Inatosha kuliko tunavyodhani. Ukiweza, mtaje marehemu kwa jina, kwa sababu watu wengi huanza kumkwepa mara tu baada ya kuzika, wakidhani wakimtaja watamkumbusha mfiwa. Mfiwa hajasahau. Mwambie jambo moja unalolikumbuka kwa marehemu, jambo la kweli, hata dogo: alivyokuwa akiwapa watoto wa jirani maparachichi, alivyokuwa akiimba besi. Kama marehemu alikuwa mtu mgumu, mlevi, aliyewasumbua watu wa nyumba yake, usimpambe. Wanaoketi pale wanamjua, na sifa za uongo zinawafanya waone hata maumivu yao hayaruhusiwi kusemwa. Sema "poleni, najua mmebeba mengi," kisha waachie wao waseme wanachotaka.

Usiulize alianza kuumwa lini, mlimpeleka hospitali gani, kwa nini hamkumuwahisha. Maswali haya yanaulizwa kwa sauti ya huruma, lakini mke aliyekesha wodini anayasikia kama kesi inayosomwa. Na kama kifo kilikuwa cha mtu kujitoa uhai, usihukumu roho yake imekwenda wapi, wala usikubali mtu ageuze mkeka wa wafiwa kuwa mahali pa mjadala huo. Hukumu ni ya Mungu, na pale kuna mama ambaye tayari anajihukumu usiku kucha.

Wanaume nao. Wanaume wengi hupewa neno moja tu, jikaze. Baba wa mtoto wangu aliambiwa hivyo na kila mtu, wengine wakiongeza kwamba asipojikaza mimi nitaanguka. Alijikaza kweli, na kwa muda mrefu hatukuweza kuzungumza juu ya mtoto wetu. Mwanamume akilia msibani, mshike bega na umwache alie. Mwana wa Mungu alilia mbele za watu.

Kuna jambo la kundi la wasapu ambalo linaniuma. Mtu amefariki alfajiri, na kabla jua halijapanda picha yake iko kwenye kundi la kwaya na la ukoo, ikiwa na maneno ya pumzika kwa amani, huku binti yake aliye chuoni bado hajaambiwa na wazazi wake. Binti anasoma habari ya baba yake kwenye simu akiwa peke yake. Subiri. Acha familia itangaze kwanza, hata kama una uhakika. Na unapotuma rambirambi, usinakili ujumbe wa aliyetangulia. Mistari miwili yenye jina la marehemu na jina la unayempa pole inasomwa na kurudiwa, wakati ule ujumbe mrefu wenye picha ya mishumaa unapitwa tu.

Sasa, utafanya nini ukiwa umeketi pale na mwenzako akaanza kusema mambo yanayoumiza? Hili huwa naulizwa sana na akina mama wageni kwenye kamati. Usimkosoe mbele ya mfiwa, maana utaongeza aibu juu ya huzuni. Sisi tuna njia zetu: mmoja anamwambia, "Dada, njoo unisaidie jikoni, wageni wa chai wamekuwa wengi," na anamtoa kwa upole. Kama aliyesema ni mtu mzima ambaye huwezi kumwinua, pokea neno lake kwa heshima, "Ahsante, shangazi," kisha mgeukie mfiwa umuulize kitu chepesi, kama amekula, kama angependa kujinyoosha kidogo. Baadaye, mkiwa njiani kurudi, unaweza kuongea na mwenzako. Mithali 15:1 inasema jawabu la upole hugeuza hasira, na mimi nimeona pia linamgeuza msemaji. Wengi hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba "utapata mwingine" inauma. Wakiambiwa kwa upendo, wanaacha.

Maombi pia ni maneno. Omba kwa ufupi, na umweleze Mungu hali ilivyo badala ya kumhubiria mfiwa kupitia maombi huku amefumba macho asiweze kujibu. Nikiombwa kusoma, mara nyingi nasoma Zaburi 13, inayoanza kwa kumuuliza Mungu atatusahau hata lini. Nimewahi kusoma Zaburi 88 kwa baba aliyezika wanawe, na hiyo inaishia gizani bila mstari wa kutia moyo. Aliniomba niisome tena. Watu wa Mungu waliimba hivyo hekaluni, na Yesu msalabani aliomba kwa Zaburi 22, Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha. Mfiwa anayesema hivyo bado anamwita Mungu "wangu". Usimkemee kwa kukosa imani.

Halafu kuna siku za baadaye, ambazo karibu kila mtu huzisahau. Matanga yakishaisha, turubai likashushwa na viti vya kukodi vikarudishwa, nyumba inakuwa na sauti nyingine. Huku kwetu kaburi liko palepale kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, karibu na migomba, na mjane analipita kila anapokwenda kukata majani ya ng'ombe. Wakati huo ndipo maneno machache yanapofanya kazi kubwa. Weka tarehe kwenye simu yako: mwezi mmoja, miezi mitatu, Krismasi ya kwanza, kumbukumbu ya mwaka. Piga simu. Usiulize "umeshazoea?" wala "unaendeleaje?" kama huna muda wa kusikia jibu. Sema, "Mama, leo nimemkumbuka mzee. Nikija kesho jioni utakuwepo?" Kisha nenda, maana ukimuahidi mfiwa na usiende, afadhali usingepiga.

Na ukimkuta hataki kumzungumzia marehemu siku hiyo, anataka kuzungumza juu ya mahindi na ada za shule, zungumza naye mahindi na ada za shule.