Gia ya Pili Ikigoma Alfajiri, Usiilazimishe

Juzi kijana mmoja wa Mambrui kaniandikia: "Kaka, pikapu yangu alfajiri gia ya pili haiingii, jua likipanda yaingia vizuri. Fundi ataka kufungua giaboksi. Nifanyeje?" Uchungu wangu wa zamani ukaamka.

Nilikuwa nikipeleka nazi Limuru. Kabla ya safari, fundi mmoja hapa Malindi alinitilia oili ya gia 85W-140 (ndio uzito wake), GL-5 (ndio daraja la dawa zake). "Huku kwetu joto, oili nzito ndiyo hulinda," akasema. Nikamwamini. Kilifi, Mombasa, Voi, gia zaingia bila tabu. Alfajiri nimeamka Limuru, mwezi wa Julai, ukungu mtupu, meno yagongana. Gia ya pili ikagoma. Nikaisukuma kwa nguvu, ikaingia kwa mkwaruzo niliousikia mpaka tumboni. Siku tatu nikafanya vivyo hivyo. Giaboksi ilipofunguliwa, pete za shaba zimelika. Shilingi 38,000, faida yote ya nazi. Yule fundi hata pole hakunipa.

Pete hizo za sinkronaiza hushika gia na kusawazisha mwendo wake kabla haijaingia, na hushika kwa msuguano. Oili ikiganda kwa baridi huiburuta gia, pete zikachelewa. Nayo GL-5 imetiwa dawa nyingi za kulinda meno ya difu, zile gia za ekseli zigeuzazo magurudumu; kwa giaboksi nyingi huteleza kupita kiasi, pete zikakosa pa kushikia, na baadhi huila shaba. Kitabu cha gari langu kiliandika 75W-90, GL-4. Namba iliyo kabla ya W ndiyo ya baridi: ikiwa ndogo, oili hutiririka mapema. Ile 90 ni uzito wake ikishapata moto. Toka siku nilipotia hiyo, nimelala Limuru mara nyingi na gia zaingia kwa vidole viwili.

Basi ndugu zangu madereva, someni kitabu. Msimwachie fundi awachagulie oili, gari ni lenu na deni ni lenu. Ziko giaboksi zinazotaka oili ya injini, ziko zinazotaka ATF, ile oili ya giaboksi za otomatiki. Kitabu ndicho kijuacho. Gari likiwa baridi, nenda polepole kilomita chache za mwanzo, gia uibembeleze.

Yule kijana amenitumia picha ya mtungi aliotiliwa: 85W-140, GL-5. Nimemwambia aimwage leo hii, kabla boliti hata moja haijaguswa.