Mwali wa Njano: Kabla ya Kuilaumu Gesi, Kagueni Hewa

Kwenu mafundi mnaoanza kazi ya majiko ya gesi, jambo ninalotamani mlishike mapema kuliko mengine ni kwamba mteja anayelalamika kuwa gesi imechakachuliwa, mara nyingi tatizo lake ni hewa. Katika mwaka wangu wa pili kazini niliitwa na mama mmoja aliyekwisha kurudisha mitungi miwili dukani, kwa sababu wali ulichelewa kuiva na sufuria zake zilitoka na masizi mazito ya kupaka kidole. Nilipolifungua jiko nilikuta tundu la kuingizia hewa, pale mbele ya nozeli (kijitundu kinachotoa gesi), limezibwa na utando wa buibui ulioshikana na vumbi na mafuta ya kukaangia. Nililisugua kwa brashi ndogo, nikawasha, na mwali uliokuwa mrefu, wa njano, wenye ncha inayoyumba, ukawa mfupi na wa buluu. Mtungi ulikuwa ule ule.

Sababu yake inahesabika. Gesi ya kupikia ni haidrokaboni, yaani mchanganyiko wa kikemia wa kaboni na hidrojeni, hasa propani na butani. Molekuli moja ya propani huhitaji molekuli 5 za oksijeni ili kaboni yake yote iwe kaboni dayoksaidi na hidrojeni yake iwe maji. Na kwa kuwa oksijeni ni takriban asilimia 21 tu ya hewa, lita moja ya propani hudai karibu lita 24 za hewa, na lita moja ya butani karibu lita 31. Oksijeni ikipungua, sehemu ya kaboni huishia kuwa kaboni monoksaidi, na nyingine hubaki chembe tupu ambazo zikiwa za moto hung'aa njano, na zikigusa sufuria huwa masizi. Joto nalo hupotea: moli moja ya propani (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli) ikiungua kikamilifu hutoa takriban kilojuli 2,220, lakini kama kaboni yake yote ingeishia kwenye monoksaidi, zingepatikana kama 1,370 tu.

Si kila njano ni ya masizi, maana mchuzi ukifurika, chumvi yake huupaka mwali rangi hiyo kwa muda. Shikeni kijiko cha chuma kwa koleo, mkipitishe juu ya mwali: kikitoka cheusi, hewa haitoshi. Hapo msichokoe nozeli kwa sindano, kwani tundu likipanuka gesi huzidi na hewa huzidiwa tena. Wala msifungue hewa kupita kiasi, kwa sababu mwali utanguruma, uachane na jiko na hata kuzimika.

Hata jiko lililorekebishwa vizuri hutegemea hewa ya chumba. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ile harufu tuliyoizoea huongezwa kwenye gesi ili ivujapo ijulikane, na haitamwonya mtu juu ya mwako mbovu. Ndiyo maana hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu lisilopitisha hewa siiwashi, hata mteja akikasirika, mpaka ihamishiwe nje.